Kilichopita Katikati ya Miguu ya Orrin Vasicek

Jumatatu saa nne asubuhi, Orrin Vasicek alikuwa dukani kwa akina Hruska akichagua haradali, pale kitunguu kimoja kilipodondoka kutoka kwenye rafu za mboga upande wa pili wa duka. Kitunguu kikaviringika kupita maziwa, kikakata kona penye mikate, kikashuka na njia ya makopo hadi kikapita katikati ya miguu yake. Orrin hakugeuka. Alikuwa anasoma tarehe ya kuharibika kwenye chupa. Bettina Kolar, mwenye kitunguu, alikuwa ameshazunguka na kumngoja kwa nyuma, kikapu mkononi.

"Asante, Orrin."

"Karibu, Bettina."

Mjini Kettle Grove, Iowa, hilo halikuwa jambo la kumtoa mtu jasho. Kwa miaka hamsini, kila kilichoviringika mjini humo kilikuwa kinapita, mapema au baadaye, katikati ya miguu ya Orrin Vasicek. Ukidondosha sarafu huna haja ya kupiga magoti na kupapasa chini ya makochi. Unauliza tu Orrin yuko wapi. Kwenye mashindano ya kuviringisha mayai ya Pasaka yeye ndiye aliyekuwa mstari wa kumalizia tangu mwaka 1981, kwa kuwa mayai yote yalikwenda kwake vyovyote vile, na mchungaji aliona heri jambo hilo liingizwe kwenye ratiba. Alipofanyiwa upasuaji wa nyonga akalazwa siku tatu, tikitimaji moja lilimngoja chini ya kitanda bila kuharibika mpaka alipoteremsha miguu. Kuna siku alivaa gauni refu la mkewe, Marlys, ili azibe njia. Chungwa lilifika, likasukuma pindo kwa adabu, likapita. Marlys alisema tu kwamba gauni lile lilimkaa mumewe vizuri kuliko lilivyomkaa yeye.

Orrin alikuwa ameyazoea hayo kama mtu anavyomzoea jirani mwenye mbwa. Kilichomnyima usingizi ni tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa duka. Jumamosi ile mji ungeadhimisha Siku ya Bila Pigo, mwaka wa hamsini, na mbele ya jengo la baraza ingezinduliwa sanamu ya shaba. Sanamu yenyewe ni ya watu wawili. Mbele yupo Lyle Brandvold, mrushaji wa Korongo, timu ya besiboli ya mji, amenyanyua mkono. Nyuma yake yupo Orrin, ametanua miguu, na chini yake mpira.

Alijua hivyo kwa sababu mchongaji alikuja mwezi wa pili kumpima. Alitoa utepe, akamwomba asimame amejitanua, akapima kutoka goti hadi goti, akaandika kwenye daftari, akashukuru kwa kahawa. Orrin alikaa wiki nzima bila kusema neno. Siku ya nane alimwambia Marlys, wakiwa wanaosha vyombo, kwamba kufa hakuogopi, ila hataki kusimama vile milele huku njiwa wanamnyea.

"Basi sema," Marlys alisema. "Miaka hamsini umenyamaza. Unangoja wakuandikie barua?"

Sasa, asiyejua besiboli ni lazima aelezwe kitu kimoja, la sivyo atamwona Orrin ni mzee wa kisirani. Mpigaji akipiga mpira, na mlinzi uwanjani akashindwa kuudaka, yupo mtu mmoja tu wa kuamua kilichotokea ni nini. Si refa, si kocha. Ni karani wa mechi, anayekaa juu kibandani na penseli yake, na katika miji midogo karani huwa ni mwandishi wa gazeti la mji. Akiona mpira ulikuwa mgumu ataandika pigo, na sifa ni ya mpigaji. Akiona mtu yeyote mwenye macho mawili na glovu angeudaka ataandika kosa, na kosa hilo litakaa kwenye jina la mlinzi mpaka siku ya kuzikwa, na baada ya hapo pia.

Julai ya mwaka 1973, Lyle Brandvold alikuwa amebakiwa na watu wawili tu ili amalize mechi nzima bila mpinzani hata mmoja kupata pigo. Ni jambo ambalo mrushaji anaweza kuishi na kufa bila kulikaribia. Mtu wa kwanza kati ya hao wawili aliuchapa mpira ukaja unatambaa kwenye vumbi moja kwa moja hadi kwa Orrin, kijana wa Korongo anayesifika kwa mikono. Orrin aliinama. Mpira ukagonga jiwe dogo, ukaruka, ukampita juu ya bega la kushoto na kwenda kulala kwenye majani.

Mpira unaogonga jiwe ni pigo. Hilo linajulikana na kila mtu kuanzia Iowa mpaka Japani. Juu kibandani, Delbert Nystrom wa gazeti la Kettle Grove aliweka chini sandwichi yake ya nyama ya nguruwe. Alimtazama Lyle pale katikati, mtoto wa mkulima, amefunga macho. Akautazama mji mzima uliokuwa umesimama wima, hata wajawazito. Akaandika kosa. Wapinzani wawili waliofuata walirudi kukaa bila kugusa kitu, na mji ukapata mechi yake bila pigo, na kutokana na mechi hiyo ukapata kibao barabarani, jina la shule, gwaride la kila mwaka na aina ya pai.

Ila gazeti lilitoka Alhamisi, na Delbert ilimbidi aeleze mchezaji hodari alikosaje mpira rahisi. Mpira uliopita juu ya bega si mpira rahisi. Kwa hiyo aliandika kwamba ulipita katikati ya miguu ya Vasicek kama kuku anayepita chini ya ua. Lisemwalo lipo, kama halipo, laja. Alhamisi hiyohiyo, saa moja na nusu asubuhi, kifuniko cha kopo la kahawa kilidondoka jikoni kwa mama yake Orrin, kikaviringika kizima-kizima kwenye sakafu, kikampita Orrin hapohapo mahali gazeti lilipopataja.

Wiki hiyo ya maadhimisho alikuja mjini mtangazaji wa redio kutoka Des Moines, Tamsin Oyler, mwanamke mpole mwenye miwani ya kamba, kurekodi mazungumzo maktabani. Jumatatu mchana angezungumza na mashabiki, Jumanne na waandishi, Jumatano na wachezaji wa zamani. Orrin alikwenda siku zote tatu. Alikaa kiti cha nyuma, miguu ameibana.

Mashabiki kumi na wanne walizungumza. Wote waliuona mpira ukipita katikati ya miguu, na watatu kati yao mwaka 1973 walikuwa hawajazaliwa. Mwenye ghala la nafaka alisema aliusikia upepo wake. Bettina Kolar alisema marehemu mumewe alimchumbia dakika ileile, na kwamba kama Orrin angeudaka pengine leo angekuwa ameolewa na daktari wa meno wa Prairie Fork, kwa hiyo yeye binafsi hana kinyongo. Watu walicheka, na Orrin naye akacheka kidogo, maana Bettina ni mtu mzuri. Katikati ya maneno kalamu ya Tamsin ilianguka kutoka mezani. Tamsin aliifuata kwa macho mpaka nyuma ya ukumbi, akaandika kitu kwa kalamu nyingine, akaendelea.

Jumanne waandishi waliofika walikuwa mmoja tu, Delbert Nystrom, umri wake themanini na sita, bado ana safu yake kila Alhamisi. Tamsin alimuuliza swali jepesi: anakumbuka nini kuhusu lile kosa?

Delbert alisema anakumbuka kila kitu, kwa sababu halikuwa kosa. Aliliona jiwe. Aliuona mpira ukiruka bega la kushoto. Alieleza haya kwa sauti ya mtu anayetoa maelezo ya kupika maharage. Alisema kanuni inampa karani saa ishirini na nne za kubadili uamuzi wake, na yeye alilala kumi na nne, na nyingine kumi alikuwa anapongezwa.

"Na hiyo ya miguu?" Tamsin aliuliza.

"Niliibuni. Ilikuwa imebaki nafasi ya mistari mitatu."

Mtu mmoja alikohoa. Kisha msimamizi wa maktaba akatangaza kwamba kahawa ipo tayari, na watu wakainuka kuifuata. Waliopita karibu na Orrin walimpiga bega, la kushoto, wakasema Delbert ni mkweli sana, mji una bahati kuwa naye.

Jioni hiyo Orrin na Marlys walikwenda kwenye kikao cha kamati ya maadhimisho. Kamati iliisikiliza rekodi yote. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye kauli laini aitwaye Arlene Tvedt, alisema wote wamesikia na hakuna anayebisha. Ila shaba imeshamiminwa. Na jambo lenyewe ni kwamba, mpira ukiitwa pigo, basi hakuna mechi bila pigo, na kama haipo, kibao cha barabarani kinasemaje? Shule iitweje? Pai? Alipendekeza kwamba, kwa kumheshimu Orrin, mchongaji aombwe kuchonga upya uso wake ili awe anatabasamu. Pendekezo likapita kwa kauli moja.

Marlys alisimama akasema hajawahi kuona watu wanamdhulumu mtu kwa adabu namna ile. Arlene alimshukuru kwa mchango wake.

Nje, Orrin alimkuta Delbert akihangaika na mlango wa gari, akamuuliza waziwazi kama anaweza kufuta lile neno kwenye daftari la mechi. Delbert alisema penseli ina kifutio, tatizo si hilo. Mechi ni ya Lyle. Lyle akitamka kwa kinywa chake kwamba aliliona jiwe, yeye Delbert atabadilisha palepale na kuiandikia safu nzima. Bila Lyle hawezi kumvua mtu nguo ili amvike mwingine.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Lyle Brandvold alikuwa kwenye kiti cha magurudumu mwaka wa tatu sasa. Orrin akikaribia tu, kiti kilikuwa kinaanza kumfuata. Kwenye mazishi ya Doris, mke wa Lyle, ilibidi watu wa zimamoto wakifunge kiti kwenye nguzo ya kanisa kwa kamba ya kuvutia magari, na Orrin akatoa pole kwa kupunga mkono kutoka ng'ambo ya barabara. Tangu hapo wawili hao hawakuwahi kukaribiana. Orrin alimpigia simu usiku huo, akampigia tena asubuhi. Lyle alisema hasikii vizuri, laini ina mawimbi, kisha akauliza habari za nyonga.

Jumatano zamu ya wachezaji ilifika. Lyle hakutokea. Orrin aliketi mbele ya kinasa sauti, akatoa kiberiti mfukoni. Ndani ya kiberiti mlikuwa na jiwe lenyewe, aliloliokota siku ya mechi na kulihifadhi miaka yote. Ni jiwe la kawaida, la mviringo, kubwa kama harage. Alilitoa ili Tamsin alione. Jiwe likaviringika juu ya meza, likadondoka, likapita katikati ya miguu yake, likatoka mlangoni na kuingia kwenye mfereji wa maji ya mvua.

"Lilikuwa hilo," Orrin alisema.

Tamsin alisema analisikia vizuri kwenye rekodi.

Jumamosi ilikuwa na jua kali. Mji mzima ulijaa mbele ya jengo la baraza, bendi ya shule imevaa sare za sufu, pai mia mbili ziko juu ya meza na nzi wanafukuzwa kwa magazeti. Lyle aliketishwa kivulini upande wa kaskazini, kiti kimefungwa breki na kamba. Orrin aliwekwa upande wa kusini. Alikuwa amemwambia Marlys asubuhi kwamba leo liwalo na liwe, miguu haitanuki. Marlys alimfungia tai, akamwambia afadhali.

Arlene Tvedt alivuta kitambaa. Watu wakapiga makofi. Orrin wa shaba alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeagizwa atabasamu, na mpira ulikuwa chini yake, umefungwa kwa skrubu mbili. Mchongaji alikuwa ameshauriwa atie nne. Mpira ukakatika, ukashuka ngazi za msingi moja baada ya nyingine, ukaanza kuvuka uwanja. Watu walipisha njia. Mpiga picha wa gazeti akapiga goti mahali pazuri.

Ulifika kwenye viatu vya Orrin na kumkuta amebana miguu. Ukasimama, ukangoja.

Dakika tano zikapita. Bendi ikarudia wimbo. Kisha vingine vikaanza kuja, kwa kuwa njia ilikuwa imezibwa: matufaa mawili, kofia ya mpiga ngoma, pipa la bia lililotoroka kwa zimamoto, kigari cha watoto pacha walioamka na kuanza kutazama huku na huku. Vyote vilipanga foleni nyuma ya mpira bila kusukumana. Arlene alimwomba Orrin kwa kipaza sauti, akitumia neno tafadhali mara tatu. Orrin alitazama juu ya vichwa vya watu. Kamba ya kivulini ikakatika, na kiti cha Lyle Brandvold kikaja kuvuka jua, Lyle ameshika breki kwa mikono yote miwili, kikapita foleni nzima kikasimama nyuma ya mpira. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa mpira wenyewe ulikuwa wa Lyle.

Walikuwa hawajawahi kutazamana kwa karibu namna hiyo kwa miaka mitatu. Lyle alikuwa amekonda.

"Orrin."

"Lyle."

"Uligonga jiwe," Lyle alisema kwa sauti ya chini. "Ukaruka bega la kushoto. Niligeuka nikauona."

"Kumbe unasikia."

"Nasikia."

"Basi mwambie Delbert. Yule pale, penseli anayo."

Lyle alimtazama Delbert, akatazama watu, watoto waliovaa fulana zenye jina lake. Alisema shamba limeshauzwa, Doris hayupo, na wanawe wanapiga simu Krismasi. Kila Julai mji huu unasimama kwa ajili yake. Akilitamka neno hilo, kesho atabaki kizee kwenye kiti.

"Na mimi je?" Orrin aliuliza.

"Wewe una Marlys."

Orrin alikasirika. Alikuwa na haki ya kukasirika na hakuona sababu ya kuificha. Alimwambia Lyle kwamba huo ni wizi, na mwizi anayelia bado ni mwizi. Lyle aliitikia kwa kichwa. Alikuwa analia kweli, machozi yanashuka mpaka kidevuni, na hakuweza kuyafuta kwa sababu mikono yote ilikuwa imeshika breki ambayo haikuwa inashika kitu.

"Shika kofia yako," Orrin alisema.

Akatanua miguu. Mpira ulipita wa kwanza. Kisha watu wawili wa zimamoto wakamshika Orrin viwiko, Lyle akainamisha kichwa mpaka magotini, na kiti kikaanza kupita, polepole, magurudumu yakisugua kote kuwili. Suruali ya sherehe ilichanika kutoka kiuno hadi kiuno, na Marlys aliusikia mchaniko kutoka alipokuwa amesimama. Pacha wakafuata, halafu pipa, halafu matufaa. Watu walipiga makofi mpaka njiwa wakaruka, na bendi ikapata nafasi ya kumaliza wimbo. Lyle alisukumwa kuzunguka uwanja mara mbili. Pai zikakatwa. Orrin alikula kipande chake amesimama, mgongo ameuelekeza ukutani.

Alhamisi iliyofuata gazeti lilikuwa na picha yake ukurasa wa kwanza, miguu imetanuka, kiti cha Lyle katikati. Chini yake Delbert Nystrom alikuwa ameandika: *Vasicek, miaka 72, aliukosa tena.*

Orrin aliisoma mara mbili akinywa kahawa. Kisha akainuka, akampigia Delbert simu, akamwambia yeye ametimiza miaka sabini na mitatu tangu Machi. Delbert alishtuka. Alisema hilo ni jambo zito, gazeti haliwezi kuwapotosha watu, na akaahidi kulishughulikia yeye mwenyewe.

Alilishughulikia. Wiki iliyofuata, ukurasa wa pili, ndani ya kisanduku chenye mstari mweusi, iliandikwa kwamba katika toleo lililopita umri wa Bwana Orrin Vasicek ulitajwa kuwa miaka sabini na miwili, na kwamba ukweli ni sabini na mitatu, na kwamba mhariri anamwomba radhi Bwana Vasicek na familia yake kwa kosa hilo. Marlys alikikata kisanduku kwa mkasi na kukibandika kwenye friji.